Mkono Chini Kichochoroni

Mtu aliyetaka kumwona mwanamume mpole kuliko wote mjini alielekezwa machinjioni. Huko kwenye damu na visu ndiko alikofanya kazi bwana mmoja aliyeitwa Mpole, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Alikuwa mkuu wa kichochoro, yaani ile njia nyembamba yenye mabomba ya chuma kushoto na kulia, inayowatoa ng'ombe zizini na kuwafikisha kwa mchinjaji. Kwingine wanyama huletwa kwa fimbo, kwa matusi na kwa kusokotwa mikia. Mpole aliwaleta kwa sauti. "Njoo mama," alimwambia ng'ombe, kiganja chake kimetulia juu ya mgongo wa mnyama. "Taratibu mama. Hakuna neno. Twende mama." Na ng'ombe, masikini ya Mungu, alimfuata kana kwamba anapelekwa kunywa maji.

Msidanganyike, haikuwa huruma. Ilikuwa nyama. Mnyama akipigwa au akitishwa kabla ya kisu, mwili wake hukakamaa wote, na nyama hutoka nyeusi, kavu, inang'ang'ania meno. Wenye mabucha huitazama, huibonyeza kwa kidole, huirudisha. Mpole alilijua hilo vizuri na alipenda kulieleza mezani huku akitafuna. "Nyama ina kumbukumbu," alisema. "Ng'ombe anayengoja kipigo, hata usipompiga, ameshaharibika." Maneno hayo mkewe aliyasikia mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake mwenyewe.

Ili kuilinda hiyo nyama, Mpole aliweka sheria. Yeyote atakayeinua mkono kichochoroni, awe ameshika fimbo au hakushika kitu, wa kwanza kumwona atapiga kelele, "Mkono chini!" Wote waliopo wataitikia, watamkamata, watambeba mzobemzobe hadi nje na kumtupa kwenye mtaro wa maji machafu. Hakuna kuuliza, hakuna mkubwa wala mdogo. Siku moja Chuma, lile jitu linalopandisha mizoga kwenye ndoano, lilisahau likamsokota ng'ombe mkia. Kabla wenzake hawajamfikia, Mpole alimsukuma nje ya mabomba, akampiga ngumi ya mdomo iliyomng'oa jino la mbele. Kisha akageuka kwa ng'ombe na kusema, "Pole mama," wala pumzi hazikumpanda.

Basi mtu huyo alikuwa na mke, na mke hakuwa na mnunuzi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Tumwite Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita. Alishona sare za shule, ovaroli na aproni za kazi, na alishona akiwa amesimama. Cherehani yake alikuwa ameiinua juu ya meza mbili zilizobebana, kikanyagio kimewekwa juu ya tofali, naye akisimama kwa mguu mmoja kutwa nzima huku mwingine ukikanyaga. Wateja walimtania. "Fundi, kiti kimekukosea nini?" Naye alijibu, "Kiti hakina neno, ugomvi uko kwa mwenye makalio." Wakacheka, wakachukua nguo zao, wakaenda.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na mwili ni hivyo hivyo. Fundi alikuwa hawezi kukaa. Kila alipokaa, maumivu yalipanda kutoka chini kabisa, mahali ambapo mwanamke hapataji mbele za watu, yakaingia kiunoni na kushuka mapajani. Kwenda haja ndogo ilikuwa kazi, haja kubwa ilikuwa vita. Na mumewe alipomtaka, ilikuwa kama kupasuliwa kwa chupa. Alishakunywa vidonge vya kila duka la dawa. Alipomlilia mama yake mzazi, aliambiwa ndoa ni uvumilivu, ajikaze. Mzee yule hakujua kwamba binti yake hana kingine alichokifanya miaka yote hiyo ila kujikaza.

Maana Mpole alimpiga. Tuseme wazi, tusizunguke mbuyu. Alimpiga kwa sababu chumvi imezidi, kwa sababu chumvi imepungua, kwa sababu mteja wa kiume amecheka naye. Alimpiga kimyakimya, bila kuinua sauti, ndiyo maana majirani walisema nyumba ile ina amani. Binti yao wa pekee alipelekwa kwa shangazi yake kusoma, na sababu iliyotolewa ni kwamba shule za huko ni nzuri. Fundi alikuwa ameshajifunza kumsikia mumewe tangu getini: jinsi gambuti zake, zile buti za mpira za machinjioni, zilivyokanyaga kokoto. Zikikanyaga taratibu, kuna heri. Zikikanyaga haraka, mwili mzima ulijifunga wenyewe kabla hata komeo halijaguswa.

Aliyempeleka hospitali ni dada yake mkubwa, muuza vitambaa, mwanamke mwenye mdomo uwezao kukata kitambaa bila mkasi. Alimdanganya kwamba wanakwenda kuangalia jora jipya la kaki. Walipofika mlango wa kliniki ya wanawake, Fundi akagoma.

"Dada, mimi siumwi."

"Huumwi, halafu unakula umesimama kama punda? Ingia. Mficha uchi hazai, na wewe unaficha mpaka kiti."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, kucha zimekatwa mpaka nyamani. Hakuwa na haraka. Alivaa glavu, akamwomba ruhusa kabla ya kila jambo, na Fundi akashangaa, kwani hakuna aliyewahi kumwomba ruhusa ya kugusa mahali hapo. Daktari alipapasa kwa kidole kimoja tu, polepole, upande wa kushoto kisha wa kulia. Kidole kilipofika mahali fulani Fundi aliruka juu ya kitanda na kulishika koti la daktari kwa mikono miwili.

"Hapo," alisema, meno yameumana.

"Hapo ndipo penyewe," daktari alisema. Akamweleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kitanda cha kamba, ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Kwa watu wengi hukaza na kuachia. Yake imekaza ikasahau kuachia, imefanya vifundo, na vifundo hivyo ndivyo vinavyomwunguza. Si kansa, si laana, wala si uzembe wake.

Walianza na mazoezi. Mtaalamu wa viungo alimfundisha kupumua mpaka tumboni, kulegeza, kulala chali na miguu ukutani. Yalisaidia nusu, na nusu iliyobaki ikakataa kabisa. Ndipo daktari alipotaja sindano. Ya kwanza ni ya ganzi, inachomwa ndani ya kifundo chenyewe. Ganzi haidumu, lakini huukumbusha msuli namna ya kuachia.

Siku ya sindano Fundi alilala miguu imepandishwa, mkono wa dada yake ukiwa kichwani pake. Daktari alitafuta kifundo kwa kidole, akaiongoza sindano ndefu kando ya kidole hicho, akasema, "Vuta pumzi, sasa itoe." Maumivu yalimpiga mpaka kwenye nyayo. Alitukana tusi alilokuwa hajalitamka tangu utotoni, na dada yake akasema, "Ongeza jingine." Kifundo cha kwanza, cha pili, na vile vya upande wa pili. Kisha, taratibu, kitu fulani kikaachia. Fundi aliteremka kitandani, akatembea hatua chache, akasimama katikati ya chumba akilia, kwa sababu haumwi, na alikuwa amesahau kutoumwa kukoje.

"Upumzike," daktari alisema. "Na siku hizi chache mumeo asikusogelee."

Machinjioni kazi huanza alfajiri na mchana imekwisha. Fundi alipofika nyumbani alimkuta Mpole ameshafika, amekaa mlangoni, gambuti bado miguuni.

"Wamekufanya nini huko?"

"Wamenichoma sindano za kulegeza misuli. Ile ya chini."

Mpole aliwaza, kisha akatabasamu. Ni hapo alipofanya kosa la watu wa aina yake, wanaodhani kila kinacholainishwa kimelainishwa kwa ajili ya meno yao.

"Kumbe umelainishwa. Haya, ingia ndani."

"Daktari amesema nipumzike."

"Daktari ndiye aliyekuoa?"

Alimshika mkono kumpeleka chumbani. Fundi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alishika fremu ya mlango kwa mkono uliobaki, akasema, "Sitaki."

Kofi la kwanza lilimpata sikioni na dunia yote ikalia mbiu. La pili lilimwangusha. Mpole hakutukana, hakupumua kwa nguvu. Alimkanyaga vidole vilivyoshika fremu mpaka vikaachia, kisha akampiga teke la paja, la nyonga, la paja tena palepale, kwa gambuti lenye damu iliyokauka ya ng'ombe aliowabembeleza asubuhi. Fundi alijikunja sakafuni na kukaza kila alichokuwa nacho cha kukaza. Alisikia kule chini msuli ukijifunga kama ngumi. Kila teke liliufunga zaidi. Kazi yote ya daktari ikaenda na maji. Mpole alipochoka alisema hata hamu imemwisha, akalisema kwa masikitiko ya mtu aliyedhulumiwa. Akaenda bombani, akaosha gambuti, akauliza kuna chakula gani.

Fundi aliporudi kliniki alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Daktari alimwambia apandishe gauni. Juu ya paja, katika weusi na zambarau, ilisomeka alama ya soli, mistari yake ya vipembe imejipanga kama iliyochapwa kwa muhuri.

"Nilianguka," Fundi alisema.

"Ulianguka juu ya gambuti la nani?"

Fundi alitazama dari. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa chake.

"Dada yangu, nisikilize. Misuli yako haina kosa. Inafanya kazi yake. Inangoja kipigo, imengoja miaka, hata siku ambayo hupigwi inangoja. Ninayo dawa nyingine, hiyo inaulegeza msuli kwa nguvu, yapata miezi mitatu. Naweza kukuchoma. Ila siwezi kumchoma anayekupiga."

Fundi akaanza kucheka. Alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Ng'ombe anayengoja kipigo, hata usipompiga, ameshaharibika. Mtu aliyejua hivyo, aliyehubiri hivyo mezani huku akitafuna, aliyemng'oa mwenzake jino kwa ajili ya mkia wa ng'ombe, mtu huyo alivua ujuzi wake pale getini na kuingia ndani na gambuti. Alijua! Siku zote alijua mwili unaopigwa unakuwaje. Kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka kitu ambacho Fundi hakuwa amewahi kukiruhusu, kwa sababu kilikuwa hatari kuwa nacho ndani ya nyumba ile. Alikasirika.

"Nichome," alisema.

"Nitakuchoma. Lakini miezi hiyo ndiyo nafasi yetu ya kuufundisha msuli upya. Ukipigwa tena utarudi kulekule, na sindano nyingine huenda isifue dafu. Unaweza ukabaki hivi, huwezi kukaa, maisha yako yote. Una pa kwenda? Kuna mama wa ustawi wa jamii hapo chini, naweza kukusindikiza kwake."

"Nina dada."

Sindano ya pili alichomwa kwenye chumba cha upasuaji, amelazwa usingizi mwepesi, hakusikia kitu. Alipozinduka daktari alimwonya kwamba dawa itachukua siku kadhaa kushika, na ikishashika anaweza akavujwa na mkojo kidogo akikohoa au akishtuka. Asiogope, itapita. Dada yake akasema mkojo ni nini, wangapi wanavujwa na akili na bado wameajiriwa.

Kesho yake asubuhi, Mpole akiwa kichochoroni anawaita mama wa watu, Fundi na dada yake walikuja nyumbani na mkokoteni. Walichukua cherehani, mkasi mkubwa, jora la kaki na nguo za kubadilisha. Vyombo waliviacha. Fundi alihamia chumba cha nyuma ya duka la vitambaa, na dada yake akaning'iniza kufuli jipya lenye ukubwa wa ngumi.

Dawa ilishika kimyakimya. Siku moja Fundi alikuwa anaokota pini zilizomwagika, akaketi juu ya jora la kitambaa ili azipange vizuri, huku akimsimulia dada yake habari za mteja aliyenenepa akasingizia sare kusinyaa. Dada yake hakucheka. Alikuwa amesimama na mita mkononi, macho yamejaa machozi.

"Mdogo wangu, umekaa."

Fundi alijitazama. Kweli, alikuwa amekaa. Jioni ile walizitenganisha zile meza mbili, cherehani ikashuka chini, na Fundi akachagua kiti. Alichagua kile kibaya kuliko vyote, cha mbao, kisicho na mto, makusudi.

Mpole alituma watu. Alimtuma mjomba, akamtuma jirani, wote na ujumbe mmoja: mke arudi, yaliyopita si ndwele. Ujumbe haukujibiwa. Lakini palikuwa na ovaroli za machinjioni ambazo msimamizi alikuwa ameagiza zamani, na ya Chuma ilibidi ipimwe mwilini mwake, maana lile pande la mtu halikuwa na kipimo kinachojulikana. Dada mtu akasema atazipeleka yeye.

"Nikiogopa kwenda machinjioni leo," Fundi alisema, "kesho nitaogopa kwenda sokoni. Kisha nitaogopa mlango."

Na alikuwa amepiga hesabu yake. Alijua kama kuna mahali pamoja duniani ambapo Mpole hawezi kuinua mkono, ni kichochoroni, saa za kazi, ng'ombe wakiwa njiani. Aliweka mkasi wake mkubwa kwenye mfuko wa aproni kwa ajili ya kukatia nyuzi, akabeba mzigo, akaenda.

Machinjioni kulikuwa na mvuke na harufu ya chuma. Chuma alitoka kwenye ndoano akifuta mikono, akatabasamu pengo lake lote.

"Shemeji! Karibu. Tulidhani umetutupa."

"Nitawatupaje na hujavaa nguo? Geuka nikupime mabega."

Alikuwa bado anampima, pale pale kwenye mlango wa kichochoro, Mpole alipotokea kati ya mabomba. Kiganja chake kilikuwa juu ya mgongo wa jike jekundu, kubwa, lenye macho ya maji. Nyuma yake foleni ya ng'ombe wengine. Alipomwona mkewe hakusimama. Alikuja nalo taratibu mpaka walipokaribiana.

"Rudi nyumbani," alisema kwa sauti ileile ya chini.

"Sirudi."

"Wewe. Nimesema rudi nyumbani."

"Nimesikia. Na mimi nimesema sirudi." Fundi alikunja ovaroli mkononi, akakitazama kile kiganja juu ya mgongo wa mnyama. "Huyu umemjua leo asubuhi, unamwita mama. Mimi niliyekuzalia, jina langu wewe. Huyu humpigi kwa sababu nyama yake itaharibika. Yangu je, umeiharibu miaka mingapi? Waambie wenzako hapa. Waambie kwa nini nashona nimesimama."

Wafanyakazi wakaacha visu. Mpole alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona macho yote. Kiganja kikatoka mgongoni mwa ng'ombe. Kikapanda.

Fundi aliuona mkono ukipanda na akangoja. Hakuungoja mkono, aliungoja mwili wake. Aliingoja ile ngumi ya chini ijifunge, kama ilivyojifunga kila siku ya ndoa yake. Hofu ilishuka kutoka kifuani, ikafika kule, ikakuta mlango umelala wazi. Dawa ilikuwa imeshika. Hakuna kilichojifunga. Mkojo ukamtoka, wa moto, ukateremka ndani ya miguu yake mpaka kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa na maji na damu tangu alfajiri. Hakujali. Hakuinamisha kichwa wala hakufumba macho.

"Mkono chini!"

Alikuwa Chuma. Sauti yake ilipiga ukuta na kurudi, na kabla haijazimika, machinjio yote yaliitikia, "Mkono chini!" Hawakuwaza. Walikuwa wamefundishwa, na aliyewafundisha ni yeye.

Mkono ulishuka, lakini ulishuka usoni mwa Chuma. Chuma alipokea, akatema mate mekundu, akakishika kile kiwiko kwa viganja viwili. Mchinjaji akaja, wa kuosha matumbo akaja, wa ngozi akaja. Mpole aliuma mtu begani. Aliyapiga mateke magoti ya watu kwa gambuti zake. Walimbamiza kwenye bomba, pua ikapasuka kwa mlio wa tawi kavu, damu ikamwagika kifuani. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, watu walimsikia Mpole akipiga kelele. Alinguruma matusi ambayo hata machinjioni hayakuwa yamezoeleka. Jike jekundu likashtuka, likajirusha, likapiga kwato kwenye chuma mpaka kichochoro kizima kikatikisika, na foleni yote nyuma ikaanza kulia na kupandana.

Walikuwa wamemlaza kifudifudi juu ya bomba, mikono imesokotwa nyuma, shingo wazi. Fundi hakumbuki alivyoutoa mkasi. Anakumbuka tu kwamba ulikuwa juu, mkononi mwake, na kwamba alikuwa anaitazama ile shingo mahali ambapo ngozi inapigapiga, na kwamba alitaka. Alitaka kwa moyo wote.

"Shemeji," Chuma alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Mkono chini."

Wote walikuwa wanamtazama. Sheria haikuwa na mkubwa wala mdogo. Fundi aliushusha mkasi. Asisingiziwe msamaha, hakumsamehe. Aliona tu kwamba ana kiti chake kibaya kinachomngoja, na jela hataweza kukikalia.

Wakambeba Mpole mzobemzobe, miguu inapiga hewa, wakamtupa mtaroni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alipoinuka alikuwa mweusi mpaka nyusi. Msimamizi, aliyefika mbio kwa zile kelele, akamwambia asionekane hapo mpaka aitwe. Jike jekundu lilichinjwa baadaye kwa shida, watu wanne wakilivuta. Nyama yake ilitoka nyeusi, na mabucha yote yaliirudisha.

Zikapita siku. Mchana mmoja duka la vitambaa lilikuwa limejaa wanawake wanaochagua vitambaa vya shule, na Fundi alikuwa kitini, cherehani ikikimbia. Mara Mpole alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi na viatu vya ngozi, plasta puani, kofia mkononi. Dada mtu akaishika mita ya mbao kama rungu.

Mpole hakumtazama. Alimtazama mkewe tu. Akakinyoosha kiganja chake, kimelegea, akasema kwa sauti ya chini iliyojaa asali.

"Njoo mama."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akashika kifua.

"Hakuna neno, mama. Yamekwisha. Taratibu tu, twende nyumbani, mama."

"Jamani," mteja mmoja alinong'ona, "mwanamume mpole hivi, anataka nini zaidi?"

Neno lile Fundi alikuwa amelingoja miaka yote ya ndoa yake. Angekuwa amelipata mwaka wa kwanza angelia kwa furaha. Sasa lilimjia, laini, zuri, na alijua vizuri alipolisikia. Alilisikia kati ya mabomba ya chuma, kiganja kikiwa mgongoni. Kila aliyeitwa mama kwa sauti ile alifuata, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

Alichovya ncha ya uzi mdomoni, akaipitisha kwenye tundu la sindano. Hakuinuka kitini.